Kufuga na Kuzalisha Kuku wa Silkie: Mwongozo Kamili Tangu Kumchagua Mpaka Kifaranga Kukomaa

Ukimshika Silkie kwa mara ya kwanza, mkono hudhani umeshika paka. Marco Polo, aliyekaa China mwishoni mwa karne ya 13, alisimulia habari za kuku weusi wenye nywele kama za paka badala ya manyoya, akaongeza kwamba mayai yao ni mazuri. Baadaye, kuku hawa walipofika Ulaya, wapo wachuuzi waliowaambia wateja kwamba ni uzao wa kuku na sungura. Ukimtazama ndege mwenyewe, huwezi kuwalaumu sana walioamini.

Naanza na mwili wake kwa sababu karibu kila shida utakayoipata kwa Silkie inatokana na kitu kilekile kilichokufanya umpende. Manyoya laini hayazuii maji. Shungi linamziba macho. Miguu yenye manyoya inaficha upele. Hata ulezi wake mzuri, ule unaomfanya aatamie mawe akikosa mayai, unaweza kumkondesha hadi kumuua.

Umjue kwanza

Unyoya wa kuku wa kawaida una nyuzi zenye vikulabu vidogo sana vinavyoshikana, zikafanya bapa moja linalokata upepo na kuteremsha maji. Unyoya wa Silkie hauna vikulabu vinavyoshika, kwa hiyo kila uzi unapepea peke yake. Matokeo yake ni mawili: haruki, na akinyeshewa maji yanaingia moja kwa moja hadi kwenye ngozi.

Ngozi hiyo ni nyeusi, hata kwa kuku mwenye manyoya meupe kama pamba, na mifupa nayo ni myeusi. Wachina humwita kuku wa mifupa myeusi. Ana vidole vitano kila mguu badala ya vinne. Upanga wake, ile nyama ya utosini, ni uvimbe mfupi uliokunjamana, rangi ya zambarau iliyoiva, na ndewe za masikio huwa za rangi ya feruzi. Wapo wenye ndevu na wasio na ndevu. Rangi ni nyingi: nyeupe, nyeusi, buluu ya kijivu, manjano ya ngano, kijivu na nyinginezo.

Ni mdogo. Viwango vya Marekani vinamtaka jogoo awe na uzito wa kilo 1 hivi na mtetea kama gramu 900. Uingereza ina makundi mawili, wakubwa ambao jogoo hufika kilo 1.8, na wadogo ambao jogoo hana zaidi ya gramu 600 hivi. Kabla ya kununua muulize mfugaji anafuata kiwango kipi, maana wafugaji wawili wanaweza kukuuzia ndege wa ukubwa tofauti kabisa na wote wakawa wakweli.

Mayai? Yapo, ila usimfuge kwa ajili ya mayai tu. Mtetea mzuri hutaga 100 hadi 120 kwa mwaka, madogo ya gramu 35 hadi 40, rangi ya maziwa ya mgando. Sehemu kubwa ya mwaka anataka kuatamia, na akiatamia hatagi.

Kuchagua wa kuanzia

Anza na mtetea watatu au wanne na jogoo mmoja, na ikiwezekana jogoo atoke ukoo mwingine. Nenda ukawaone wazazi wao pale wanapoishi. Picha haionyeshi kamasi.

Mshike kila ndege. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kifua: uwe na nyama pande zote mbili, usikatwe kama kwa kisu. Pulizia manyoya ya karibu na tundu la haja uone ngozi. Ukiona vijipunje vyeupe vimeganda kwenye mashina ya manyoya, hayo ni mayai ya chawa. Fungua bawa, nalo likunjuke kama kipepeo cha kujipepea, bila mwanya katikati, kwa sababu bawa lililogawanyika ni kasoro inayorithiwa na imeenea katika aina hii. Mdomo ufungike sawasawa. Hesabu vidole. Mtazame akitembea, kisha akisimama: shingo isipinde, kichwa kisitetemeke.

Ukiona upanga uliosimama wenye meno kama msumeno, vidole vinne, ngozi nyeupe, au manyoya magumu mgongoni, huyo amechanganyika au ana kasoro. Anaweza kuwa kuku mzuri wa uani, lakini usimpandishe.

Wakifika nyumbani, kuku mgeni hakosi kamba mguuni: watenge siku 30, mbali na kuku ulionao, kwa vyombo vyao na viatu unavyovaa kwao tu. Kila siku wahudumie wenyeji kwanza, wageni mwisho. Watu wengi huvumilia wiki moja, wakiona ndege wamechangamka wanafungua mlango. Virusi na wadudu havina haraka hiyo.

Banda

Neno ni moja: ukavu. Sakafu iwe juu ya usawa wa ardhi, paa lipite kuta kwa nusu mita au zaidi ili mvua ya upepo isiingie, na hewa itokee juu, karibu na paa, isiwapige usiku. Hesabu angalau mita ya mraba 0.4 kwa kila kuku ndani, na karibu mita 1 ya mraba kwenye uwanja wa nje. Wakipata zaidi, ni bora.

Mwaka wangu wa kwanza mvua ya ghafla ilinyesha nikiwa sipo. Niliporudi nikawakuta wanane wamerundikana kwenye kona ya uwanja, hatua tano tu kutoka mlango wa banda. Kuku wengine walikuwa ndani zamani. Silkie hawakuuona mlango, au waliuona wakaona afadhali wakumbatiane. Wawili wa chini walikufa. Tangu siku hiyo uwanja wangu una paa.

Ukimkuta amelowa, mkaushe kwa taulo, umalizie kwa hewa ya uvuguvugu au umweke kwenye boksi penye joto mpaka akauke hadi kwenye ngozi. Manyoya ya juu hudanganya. Yakikauka, ya ndani bado ni maji.

Fito za kulalia zisizidi sentimita 30 kutoka sakafuni, na ziwe pana kidogo ili alaze mguu. Wengi hawatapanda. Watalala chini katika rundo, kichwa cha huyu kwenye tumbo la yule, na ni kawaida yao. Maana yake ni kwamba sakafu ndiyo kitanda: weka maranda makavu ya mbao, kina cha sentimita 8 hadi 10, utoe kinyesi cha usiku kila asubuhi. Usitumie vumbi laini la msumeno, maana vifaranga hulila na linawawasha puani. Viota viwe chini au viwe na ngazi fupi.

Kwa ukuta wa waya tumia wavu mgumu wenye matundu ya milimita 12. Wavu mwembamba wa kawaida wa kuku humzuia kuku kutoka. Haumzuii kicheche, nyoka wala panya kuingia. Na juu pafunikwe, kwa sababu ndege huyu hamwoni mwewe anayekuja kutoka angani, na hata akimwona hana pa kurukia.

Kama una kuku wa aina nyingine wakubwa, watenge. Silkie wengi fuvu lao lina uwazi juu, chini ya shungi, na ubongo unasukuma ngozi pale kama kifundo. Kuku wengine wakigombania chakula, pigo moja la mdomo pale linaweza kumpoozesha.

Chakula na maji

Vifaranga wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi kwa wiki nane za mwanzo. Baada ya hapo chakula cha kukuzia, asilimia 16 hadi 18, mpaka waanze kutaga. Cha kutaga kina kalisi nyingi, ambayo huharibu figo za vifaranga. Wasikiguse kabla ya wakati. Majogoo nao hawaihitaji. Kwa kundi mchanganyiko napendelea kuwapa wote chakula cha kukuzia, kisha naweka maganda ya chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha pembeni. Anayetaga anajua mwenyewe kuyafuata.

Wanaopewa nafaka nzima au majani wapate pia changarawe ndogo za kusagia kwenye firigisi. Mabaki na vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Chakula chenye ukungu tupa, hata kama gunia ni jipya.

Maji ni fumbo dogo. Silkie akiinama kwenye beseni, ndevu na shungi vinatangulia, vinalowa, vinashika pumba, na baada ya siku mbili uso unanuka. Vinyweshea vya chuchu ndivyo vinavyomfaa zaidi, au chombo chenye mdomo mwembamba kilichoinuliwa usawa wa mgongo wake. Wafundishe chuchu wakiwa wadogo. Kuku mzima hujifunza kwa shingo upande.

Kazi za mikono

Kila wiki mbili au tatu, kaa na kila ndege mapajani. Si jambo la mapambo. Punguza manyoya yanayoziba macho kwa mkasi wenye ncha butu, au uyafunge juu kwa mpira laini ukiwa unamtunza kwa maonyesho. Kuku asiyeona hula kidogo, hupigwa zaidi, na jogoo asiyeona hapandi.

Tazama haja. Manyoya ya pale yanashika kinyesi kikakauka kama udongo, na chini yake nzi huweza kutaga. Loanisha kwa maji ya uvuguvugu, usibandue kwa nguvu, kisha kata manyoya yanayozunguka. Kucha za kidole cha tano hazigusi ardhi, kwa hiyo haziliki. Zikate kabla hazijajikunja kuelekea kwenye nyama. Angalia kati ya vidole pia, kwani matope hukauka pale yakawa mpira mgumu unaobana damu.

Waachie mahali pakavu pa kuoga vumbi. Kumwosha kwa maji ni mara chache tu, siku yenye joto, na asirudi bandani mpaka akauke kabisa.

Magonjwa yanayompata zaidi

Marek ndio ugonjwa wa kwanza kuuogopa. Ni wa virusi, unasambazwa na vumbi la manyoya, unakaa bandani muda mrefu, na Silkie ni miongoni mwa aina zinazouugua kwa urahisi. Dalili inayotambulika ni ndege, mara nyingi wa kati ya wiki 6 na miezi michache, kulala mguu mmoja umenyooka mbele na mwingine nyuma. Wengine hukonda tu, au rangi ya jicho hugeuka kijivu. Hauna tiba. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza ya kifaranga, na hata hapo humkinga asiugue bila kuzuia virusi visiingie mwilini. Kwa hiyo ukinunua vifaranga, swali la kwanza ni: wamechanjwa Marek?

Kideri kinaweza kufagia banda zima kwa siku chache. Chanjo zake zipo za kudondoshea jichoni au kuweka kwenye maji, nazo hurudiwa. Pamoja na kideri kuna gumboro, ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya mwili ya vifaranga, na ndui ya kuku. Ratiba hutofautiana kulingana na magonjwa ya eneo. Ipange na daktari wa mifugo kabla vifaranga hawajatoka kwenye mayai.

Koksidiosisi, kuhara damu kwa vifaranga, huja zaidi kati ya wiki ya tatu na ya sita, na unyevu ndio mbolea yake. Kifaranga anajikunyata, mabawa yananing'inia, kinyesi kina damu au kamasi. Amproliamu kwenye maji hufanya kazi ukiwahi, ukifuata kipimo cha kwenye pakiti. Jambo moja husahaulika: kifaranga aliyechanjwa koksidiosisi asipewe chakula chenye amproliamu, maana dawa hiyo inaua chanjo.

Shingo kupinda. Hii utaiona upende usipende. Kichwa kinageuka juu au kinaingia kati ya miguu, ndege anarudi kinyumenyume na kuanguka. Inaweza kuanzia kwenye pigo la fuvu, upungufu wa vitamini E au B1, sumu ya chakula kilichooza, au Marek yenyewe. Mtenge penye giza kidogo na utulivu, mzungushie taulo asijigonge, mpe vitamini E na vitamini B, na umlishe kwa mkono: uji mzito wa chakula chake pamoja na yai lililochemshwa na kupondwa. Seleniamu husaidia vitamini E kufanya kazi, lakini ikizidi ni sumu, yai linatosha. Wapo wanaopona baada ya wiki kadhaa, na ni wengi kuliko watu wanavyodhani, iwapo tu kuna mtu wa kuwanywesha mara nne kwa siku. Akipona usimpandishe, kwa kuwa udhaifu wa fuvu unarithiwa.

Chawa wanakaa kwenye kuku. Utitiri mwekundu hukaa kwenye nyufa za banda na kutoka usiku kunyonya. Ukiwa na shaka, ingia usiku na kitambaa cheupe, upanguse chini ya fito. Kikirudi na michirizi ya damu, umewapata. Tibu kuku na banda siku moja, na urudie baada ya siku 7 hadi 10, kwa sababu dawa ya kwanza haikuua mayai ya wadudu.

Upele wa miguu husababishwa na wadudu wadogo wanaochimba chini ya magamba. Kwa kuku mwingine ungeona magamba yameinuka. Kwa Silkie manyoya yanaficha mpaka anaanza kuchechemea. Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha, paka vaselini mpaka ndani ya mikunjo, urudie kila siku mbili tatu kwa wiki kadhaa. Usibandue magamba, na usitumie mafuta ya taa wala dizeli, yanaunguza ngozi.

Joto nalo si mchezo. Baridi kavu wanaimudu vizuri kuliko unavyotarajia, lakini jua kali la mchana linawafanya wahema midomo wazi. Kivuli na maji baridi, basi.

Kupandisha

Tenga kundi la kuzalishia: jogoo mmoja kwa mtetea wanne au watano. Mtetea wa Silkie huanza kutaga kati ya miezi 6 na 9. Mwache apite mayai madogo ya mwanzo kabla hujaweka ya kutotolesha.

Wiki moja kabla, punguza manyoya yanayozunguka haja ya mtetea na ya jogoo. Watu hulalamika kwamba jogoo wao ni mgumba, kumbe ni manyoya tu yamezuia njia.

Lakini ugumba wa kweli upo, na una asili ya kushangaza. Upanga wa Silkie hutokana na jeni mbili zinazokutana. Mojawapo, ile ya upanga wa waridi, jogoo akiirithi kutoka kwa baba na mama kwa pamoja, mbegu zake huogelea vibaya na hupoteza nguvu upesi ndani ya mtetea. Anapanda kwa bidii, mayai yanatoka matupu. Ndiyo maana siku zote huwa na jogoo wa pili wa akiba.

Mayai yenye mbegu huanza kupatikana ndani ya wiki moja hivi, ila ukibadilisha jogoo subiri wiki tatu kabla ya kuamini kwamba vifaranga ni wa jogoo mpya, kwa kuwa mtetea huhifadhi mbegu za yule wa zamani.

Kuhusu rangi, mfano wa kufaa ni buluu. Ukipandisha buluu kwa buluu, kwa wastani robo ya vifaranga watakuwa weusi, nusu buluu, na robo watakuwa weupe wenye madoa ya buluu. Ukitaka buluu watupu, mpandishe mweusi na huyo wa madoa. Ile ya buluu kwa buluu ni hesabu ya wastani. Katika vifaranga sita unaweza kukosa buluu hata mmoja.

Manyoya ya hariri yenyewe yanahitaji jeni kutoka pande zote mbili. Ukimchanganya Silkie na kuku wa kawaida, vifaranga wote watapata manyoya ya kawaida, ingawa vidole vitano vitajitokeza kwa wengi. Ukimrudisha mtoto huyo kwa Silkie, nusu ya uzao hurudi kuwa na hariri. Usimpandishe Silkie na kidimu, kuku mwenye manyoya yaliyojipinda, katika ukoo unaouza kama Silkie halisi. Kujipinda kwa manyoya kunatosha kurithiwa kutoka kwa mzazi mmoja, na kukishaingia unakitafuta kwa miaka.

Kaka na dada wasipandishwe. Baba na binti, mara moja, wafugaji hufanya kwa makusudi ili kukaza sifa fulani, lakini kasoro nazo hukazwa. Dalili za damu kukaribiana ni mayai yasiyototoa, vifaranga dhaifu, na kundi linalopungua ukubwa mwaka hadi mwaka.

Kutotolesha

Kusanya mayai mara mbili kwa siku. Yasioshwe; yaliyochafuka sana yaache. Yahifadhi ncha kali ikiwa chini, mahali pa nyuzijoto 13 hadi 18, yasizidi siku 7. Jokofu ni baridi mno.

Njia ya kwanza ni mama mwenyewe. Utamjua: amejitandaza kwenye kiota, anavimba na kunguruma ukimgusa, na kifua chake kimenyonyoka. Mhamishe usiku kwenye chumba chake, mjaribu kwa mayai ya bandia siku mbili, kisha muwekee mayai yake 8 hadi 10, au ya kuku mkubwa 4 hadi 6. Silkie huatamia chochote, hata mayai ya bata ambayo huchukua siku 28, na ndiyo sababu wafugaji wa ndege wa porini humweka kama mlezi. Andika tarehe juu ya kila yai kwa penseli, maana wenzake watakuja kuongeza ya kwao.

Anapaswa kutoka mara moja kwa siku, ale, anywe, atoe bonge kubwa la kinyesi linalonuka, arudi. Asipotoka, mtoe wewe. Wapo wanaokaa mpaka wanakufa njaa wakiwa na chakula hatua mbili mbele yao. Na asiye na mayai akikataa kuacha, mweke siku tatu au nne kwenye kizimba chenye sakafu ya waya, kilichoinuliwa, penye mwanga, chakula na maji, bila kiota. Hewa inayopita chini ya tumbo ndiyo inayomtoa kwenye hali hiyo.

Njia ya pili ni mashine. Yenye feni iwe nyuzi 37.5. Isiyo na feni, kipimajoto kikiwa usawa wa juu ya mayai, kisome 38.3 hadi 38.8. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 50 kwa siku 18, kisha 65 hadi 70. Washa mashine siku moja kabla ya kuweka mayai. Geuza mara tatu kwa siku au zaidi, kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili ili upande uleule usilale chini kila usiku, na uache siku ya 18.

Mulika siku ya 7: mishipa kama buibui ni uhai, yai lililo wazi halina mbegu, na duara jekundu ni kiinitete kilichokufa. Mulika tena siku ya 14 uondoe yai viza kabla halijapasuka ndani ya mashine. Siku ya 21, au moja kabla, watatoboa. Kati ya tundu la kwanza na kutoka zinaweza kupita saa 24. Usifungue mashine. Najua utataka kufungua.

Vifaranga

Kwa mashine, waache wakauke kabla ya kuwahamisha. Boksi la joto liwe nyuzi 35 wiki ya kwanza, upunguze kama nyuzi 3 kila wiki. Kipimajoto kisaidie, lakini vifaranga ndio husema kweli: wakirundikana chini ya taa wana baridi, wakikimbilia kingo wana joto, wakitawanyika na kulala kama vitambaa vilivyoanguka, umepatia. Taa ifungwe kwa mnyororo na si kamba peke yake. Mabanda huungua hivyo.

Siku mbili za mwanzo tandika karatasi yenye mkwaruzo au kitambaa, kwani sakafu telezi hupanua miguu ikaharibika. Chombo cha maji kiwe chembamba au kiwe na kokoto, maana kifaranga wa Silkie huzama kwenye maji ya kina cha kidole. Mchovye mdomo kila mmoja mara moja ajue maji yako wapi. Angalia haja kila asubuhi wiki ya kwanza. Ikiziba, safisha kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu.

Walio na mama wana raha yao, isipokuwa hatari moja ya pekee: nyuzi ndefu za manyoya ya mama huweza kumnasa kifaranga shingoni. Punguza manyoya ya tumbo lake kabla ya siku ya 18. Utaona pia baadhi ya vifaranga wana kifundo utosini. Hao ndio watakuwa na shungi kubwa, na ndio wenye fuvu wazi. Watoto wa nyumbani wawaguse mgongoni, si kichwani.

Jogoo au mtetea?

Hapa wengi hukata tamaa. Hata mwenye uzoefu hukosea mpaka mwezi wa nne au wa tano. Shungi la mtetea huwa la mviringo kama mpira; la jogoo hutoa nyuzi ndefu zinazorudi nyuma, kama aliyepigwa na upepo. Upanga wa jogoo hupanuka mapema, naye husimama wima zaidi. Kuwika ni ushahidi, kutaga ni hukumu. Ukiuza kabla ya hapo, mwambie mnunuzi wazi kwamba hujui.

Kuchagua wa kubaki fanya mara tatu. Siku ya kwanza, hesabu vidole na uangalie rangi ya ngozi. Wiki ya 8, tazama mabawa, midomo na shingo. Mwezi wa 6 au 7, tazama umbo zima: mwili mfupi wa mviringo, mgongo mpana, manyoya laini mpaka kwenye mapaja, na tabia. Jogoo anayeshambulia watu mtoe hata awe mzuri kiasi gani, kwa sababu hasira hiyo utaitotolesha tena.

Kila anayebaki mvalishe pete yenye namba, uandike baba, mama, tarehe ya kutotolewa, chanjo na maradhi aliyowahi kuugua. Pete iangaliwe kila unapomweka mapajani: kwenye mguu wenye manyoya inabana kimyakimya, na mguu wa ndege wa miezi mitatu si mguu wa ndege wa mwaka.